Meli Ile Inatafuta Nini? Mwongozo Kamili wa Utafutaji wa Mafuta Kwenye Kilindi cha Bahari

Habari za mafuta hufika barazani kabla ya meli yenyewe. Mtu karudi kutoka bahari kuu, kaona meli imejaa mataa, inavuta kamba zisizo na mwisho, na jioni hiyo pale Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, kila mmoja ni mtaalamu. Huyu anasema yamepatikana, yule anataja bei ya shamba huko bara, vijiji vya Hindi na Mokowe. Mimi nilifanya kazi misimu miwili kwenye boti ya ulinzi ya meli ya upimaji, kazi yangu ikiwa kuzungumza na manahodha wetu kwa redio. Tangu hapo, mtu akiniuliza kama mafuta yapo, humuuliza kwanza meli aliyoiona ilikuwa inafanya nini. Kila hatua ina meli yake, karatasi zake na hasara zake, na ukijua hatua hutauziwa ndoto wala hutaogopa bure.

Tukisema kilindi tunamaanisha wapi? Wenye kazi hii huanza kuhesabu maji marefu kwenye mita 300 hadi 500, na yakipita mita 1,500 huyaita marefu zaidi. Pima moja ni kama mita 1.8. Kisima cha Pomboo kilichimbwa kwenye Bonde la Lamu mahali penye maji ya mita 2,200 hivi, yaani pima 1,200. Bildi ya babu yangu, yaani risasi yenye kamba ya kupimia kina, haikuwa na kamba ya pima 50.

Ondoa kwanza picha ya ziwa

Wengi hudhani chini kuna ziwa jeusi linalongoja mrija. Hakuna. Ukitaka kuelewa mafuta yanavyokaa, nenda kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha maji huzama mchangani, na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu yake humo humo ndani ya mchanga. Visima vya pale ndivyo vinavyounywesha mji, na hakuna aliyewahi kuona ziwa chini ya Shela. Mafuta nayo hukaa hivyo, kwenye vitundu vidogo vya jiwe la mchanga au la chokaa, yakielea juu ya maji ya chumvi ya zamani, na gesi ikiwepo huelea juu ya mafuta.

Ili yawepo lazima mambo kadhaa yakutane. Kwanza mwamba mama: tope la kale lililojaa mabaki ya viumbe vidogo, likazikwa na kupikwa. Kwenye joto la nyuzi 60 hadi 120 hivi hutoa mafuta. Likizidi sana hutoa gesi. Kisha mwamba wa kuhifadhi, wenye vitundu. Juu yake kifuniko, kwa kawaida udongo mzito usiopitisha kitu. Halafu mtego, yaani umbo la kuzuia, kama mgongo wa bakuli lililopinduliwa. Na wakati: mtego uwe umeshajengeka kabla mafuta hayajaanza kupanda, la sivyo yamepita.

Kwa nini wanatazama kwetu? Simama daraja la Sabaki wakati wa masika. Yale maji mekundu yanayoichafua bahari ya Malindi hadi wageni wanalalamika ni mchanga na tope la bara linalomwagwa baharini. Sabaki, Tana na mito iliyoitangulia imefanya kazi hiyo kwa mamilioni ya miaka, tangu Madagaska ilipobanduka kwenye ubavu huu wa Afrika na kusogea kusini. Mashapo ya Bonde la Lamu yana unene unaopita kilomita 10 mahali pengine. Jiko lipo, chungu kipo. Kilichomo ndani ya chungu ndicho kinachotafutwa.

Hatua ya kwanza: karatasi

Serikali huigawa bahari vitalu: L5, L8, L10A, L11B na kadhalika. Kampuni hutia saini mkataba wa kugawana uzalishaji na kuahidi kazi maalumu kwa muda maalumu, kwa mfano kupima kilomita kadhaa za mitetemo, kisha kuchimba kisima. Isipotimiza, au ikiona hapana maana, hurudisha kitalu chote au sehemu yake. Pia huuziana hisa ili kugawana hatari, ndiyo maana unasikia jina hili leo na kesho jingine kwenye kitalu kilekile.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 imeweka kwamba katika fungu la serikali, asilimia 75 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 5 ya jamii ya mahali. Hizo asilimia 5 hupigiwa hesabu barazani kana kwamba zinagawiwa Ijumaa ijayo. Ni za mafuta yanayouzwa. Wakati wa kutafuta, hakuna cha kugawa.

Hatua ya pili: kutazama bila kugusa

Hapa hutaona karibu kitu. Satelaiti za rada hutafuta mafuta yanayovuja yenyewe kutoka sakafuni na kulaza mawimbi madogo juu ya maji. Ndege au meli hupima uvutano na usumaku wa dunia, kwa kuwa mashapo ni mepesi kuliko mwamba mgumu wa chini. Hivyo hujua bonde ni nene wapi.

Kisha kuna kazi ambayo babu angeitambua. Risasi ya bildi ilikuwa na kishimo chini kilichopakwa mafuta, ikigusa sakafu inarudi na mchanga au tope, na nahodha mzoefu akiangalia tu anajua yuko wapi. Kampuni hufanya vivyo hivyo kwa bomba zito: huliangusha hadi sakafuni, lijichome mita chache kwenye tope, wakalivuta na kupeleka tope maabara kuona kama lina chembe za mafuta yaliyopanda kutoka chini.

Na madonge ya lami yanayookotwa ufukweni? Usikimbilie kuita waandishi. Mengi ya namna hiyo ni uchafu wa meli zipitazo. Wazee walifanya subira hata kwa ambari, ile nta ya nyangumi yenye thamani: kwanza wanachoma kidogo, wananusa, ndipo wanasema.

Hatua ya tatu: mitetemo, na hapa ndipo wavuvi wanapoguswa

Hii nitaieleza polepole, kwa sababu ndiyo inayokata nyavu.

Meli huvuta nyuma yake mizinga ya hewa. Ni mitungi inayojazwa hewa kwa mgandamizo wa pauni 2,000 hivi kwa kila inchi ya mraba, kisha huachiliwa yote kwa pamoja, kishindo kimoja kila sekunde kumi au karibu na hapo, mchana na usiku. Sauti hushuka kwa mita 1,500 kwa sekunde majini, na kwa kasi zaidi ndani ya miamba. Kila tabaka linarudisha mwangwi wake. Sakafu iliyo mita 1,500 chini hujibu baada ya sekunde mbili. Tabaka za chini yake hufuata moja moja, kila moja kwa sauti hafifu kuliko iliyotangulia.

Wanaosikiliza ni haidrofoni, masikio ya majini yaliyopangwa ndani ya kebo ndefu. Kwa upimaji wa kawaida kebo ni moja, na picha inayotoka ni kama mkate uliokatwa kipande kimoja. Kwa upimaji wa pande tatu kebo zaweza kuwa 10, zimeachana mita 100, kila moja ina urefu wa kilomita 8. Zaidi ya mara mbili ya mwendo wa kutoka mji wa Lamu hadi Shela! Meli inakwenda noti 4 au 5 (maili za bahari kwa saa), haiwezi kusimama kwa sababu kebo zitazama na kusokotana, na kugeuka tu ili ianze mstari mpya huchukua saa kadhaa.

Sasa elewa kosa lilivyo. Mwisho wa kila kebo kuna boya la mkia, lenye taa na kiakisi cha rada. Usiku, nahodha wa mashua ya jarife, yaani nyavu kubwa za kuelea, anaiona meli imepita mbele yake, mataa yote yanakwenda zake kusini. Anaona njia nyeupe, anamwaga nyavu. Kwa meli iliyoko noti 4 na nusu, boya la mkia lingali nyuma kwa karibu saa nzima. Anawasha jiko, anaweka chai, na hiyo kamba aliyodhani imeshapita inakuja kimya na kulibeba jarife lote.

Usiku mmoja nilikuwa redioni namwita mzee mmoja wa Kizingitini. "Ami, usimwage bado, mkia haujapita." Akanijibu, "Mkia wa nini mwanangu, nyangumi?" Tulicheka. Yeye alisubiri. Mwenzake aliyekuwa maili tatu mashariki hakuwa na redio, na alipoteza nyavu zake zote. Alipodai fidia aliambiwa athibitishe alikuwa wapi na saa ngapi. Hakuwa na alama yoyote, na madai yakafia mezani kwa mtu. Nimeikasirikia siku hiyo hadi leo. Kwa hiyo, ukienda nje msimu wa upimaji, hifadhi kwenye simu au kifaa cha GPS mahali ulipomwaga, andika saa, na piga picha ya nyavu zikiwa nzima kabla ya kutoka. Ripoti kwa BMU yako, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, siku ileile unayorudi, siyo baada ya wiki.

Andika pia samaki. Wanorwe walifanya majaribio Bahari ya Barents mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakakuta samaki wanaovuliwa walipungua kwa karibu nusu hadi maili 18 kutoka eneo la vishindo, na siku tano baadaye walikuwa hawajarudi. Hao ni samaki wa baridi, si changu wala nguru. Lakini daftari la kilo zako kabla ya meli, ikiwepo na baada ya kuondoka ndilo litakalozungumza badala yako kikaoni. Maneno matupu ya "samaki wameisha" nimeyasikia yakipuuzwa mara nyingi.

Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu katikati ya mwaka, Julai hadi Septemba hivi, na Watamu watu huenda kuwatazama. Utaratibu unaofuatwa na kampuni nyingi ni kuweka waangalizi, kutazama eneo la mita 500 kuzunguka mizinga kabla ya kuanza, na kuanza kwa vishindo vidogo vinavyoongezeka taratibu ili viumbe wapate kuondoka. Uliza kama hilo limo kwenye kibali chao. Uliza pia msimu. Kusi ikichafuka, mawimbi hupiga kelele ndani ya haidrofoni na mkondo huzipeperusha kebo upande. Wapimaji wanapenda kaskazi tulivu na maleleji, kipindi cha kati ya pepo hizo mbili. Bahati mbaya, hata mashua zetu hupenda siku hizohizo.

Hatua ya nne: kusoma picha

Meli imeondoka, mji umesahau, na kazi kubwa ndiyo inaanza. Kompyuta husafisha data kwa miezi, pengine mwaka. Wanajiolojia wanatafuta ule mgongo wa bakuli. Wanatafuta madoa angavu, maana gesi ndani ya mchanga hubadilisha mwangwi, na mistari iliyolala sawasawa ilhali miamba yote inayoizunguka imeinama, kwa kuwa mpaka wa gesi na maji hulala kama maji ndani ya gilasi.

Madoa hayo yamewadanganya wengi. Gesi kidogo sana yaweza kung'aa sawa na gesi nyingi. Kwa hiyo kila umbo hupewa makisio mawili, ukubwa wa kilichomo na uwezekano wa kuwepo, na wakubwa huzidisha kimoja kwa kingine. Kwenye bonde jipya, uwezekano wa kimoja kati ya kumi ni jambo la kawaida kabisa. Maana yake wanachimba huku wakijua kwamba yaelekea watakosa.

Hatua ya tano: kibali cha mazingira

Kabla ya kupima na kabla ya kuchimba, ripoti ya tathmini ya athari hupelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa uzito wa karatasi hii: tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, moja ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Ripoti huwa na mamia ya kurasa. Usizisome zote. Tafuta ramani yenye mistari ya meli na uilinganishe na maeneo yenu ya uvuvi, ukitumia majina yenu wenyewe. Tafuta utaratibu wa fidia. Tafuta mpango wa mafuta kumwagika: uliza umepigiwa hesabu kwa msimu gani, kwa sababu kusi na kaskazi hazisukumi upande mmoja. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na mafuta yakiingia kwenye mikoko hakuna ufagio wa kuyatoa. Kisima cha Macondo kilicholipuka Ghuba ya Meksiko tarehe 20 Aprili 2010, kikaua watu 11 na kumwaga mafuta kwa siku 87, kilikuwa cha kutafutia, kwenye maji ya mita 1,500 hivi.

Hatua ya sita: kisima

Meli ya kuchimbia ina mnara katikati na tundu chini ya mnara. Haitii nanga; kina hakiruhusu. Inasoma satelaiti na vipaza sauti vilivyowekwa sakafuni, na injini zake za chini huizuia isisogee, upepo ukivuma au usivume. Kuizunguka kuna eneo la usalama la mita 500. Usiliingie, hata kama samaki wamejaa kivulini mwake. Nao hujaa kweli.

Huanza na bomba pana, inchi 30 au 36, linalozamishwa kwenye tope laini kwa nguvu ya maji. Ndani yake wanachimba tundu, wanateremsha bomba jembamba zaidi, wanamwaga saruji kati ya bomba na mwamba. Kisha hushushwa rundo la vali za kuzuia mlipuko, chuma cha tani 300 na zaidi, likae juu ya mdomo wa kisima huko gizani. Kutoka hapo hadi melini linaunganishwa bomba kuu. Uchimbaji unaendelea, kila bomba likipita ndani ya lililotangulia, kama darubini ya nahodha iliyovutwa.

Muda wote tope zito la kuchimbia husukumwa chini kupitia bomba la keekee na kurudi juu pembeni. Linapoza meno, linabeba vipande vya mwamba, na uzito wake unazuia mafuta na gesi visipande ghafla. Likiwa jepesi mno, kisima hutapika. Likiwa zito mno, mwamba hupasuka na tope hupotea. Kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba, na kwenye maji marefu ni nyembamba zaidi.

Rafiki yangu mmoja wa Malindi alifanya kazi kwenye chumba cha vipande. Aliniambia habari hazitoki kwa kelele kama kwenye sinema. Vipande vya kilomita nne chini huchukua zaidi ya saa moja kufika juu, kwa hiyo anachokiona sasa kilichimbwa kabla hajala. Anavichekecha, anaviosha, anavitazama kwa darubini, halafu anazima taa na kuwasha mwanga wa zambarau. Penye mafuta, chembe hung'aa, za manjano au buluu nyeupe. Kisha huteremshwa vifaa vya kupima umeme: maji ya chumvi hupitisha umeme, mafuta na gesi havipitishi.

Yote hayo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na gharama ya kisima kimoja hupita kwa urahisi dola milioni 100. Ajira kwa vijana wetu hatua hii ni chache na fupi: boti za kuhudumia, jiko, ulinzi, uangalizi. Watu 150 au 200 melini, wengi mafundi waliotoka na meli yao. Anayekuambia utaajiriwa ukilipa kwanza ada ya fomu ni mwizi.

Hatua ya saba: matokeo, na jinsi ya kuyasoma

Jina la kisima lina namba. Moja maana yake ni cha kwanza kwenye umbo hilo. Ukisikia namba mbili kwenye kilindi, hapo kuna habari, kwa kuwa hakuna anayerudi mahali pakavu kwa gharama hiyo. Tazama orodha ya maji marefu ya Kenya. Simba-1, 1978. Pomboo-1 ya Woodside, iliyochimbwa na meli ya Kijapani Chikyu mwishoni mwa 2006 hadi mwanzo wa 2007, kavu. Mbawa-1 ya Apache, 2012, gesi isiyotosha biashara. Kubwa-1 na Kiboko-1 za Anadarko, 2013, hakuna cha kuuza. Sunbird-1 ya BG, 2014, ilikuta gesi na mafuta kwenye mwamba wa matumbawe ya kale, ikafungwa hata hivyo. Mlima-1 ya Eni, iliyoanza mwisho wa 2021, nayo haikuleta cha biashara. Majina matamu ya Kiswahili karibu yote. Zote moja, moja, moja.

Angalia neno linalotumika kwenye tangazo. "Dalili" ni chembe zilizong'aa. "Ugunduzi" ni kwamba kipo kitu. "Ugunduzi wa kibiashara" ndio wa kuamka nao, na hata huo huja na visima vya tathmini, mikataba na miaka. Gesi ya Coral huko Msumbiji iligunduliwa 2012. Shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022.

Kisima kisichofaa huzibwa kwa saruji sehemu kadhaa, vali huondolewa, meli huondoka, na zile mita 500 hufunguliwa tena kwa wavuvi. Kitalu hurudi serikalini, lakini data haifi: kampuni inayofuata huilipia, huisafisha kwa kompyuta mpya, na mara nyingi hupeleka meli kupita tena juu ya mistari ileile, na maboya yake ya mkia yakifuata karibu saa nzima nyuma.